Kutoka Nyororo hadi Ruhuwiko: Ndege, Visiwa na Watu wa Kusini

Mwezi Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, kwenye kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia, Waingereza walishusha baharini ndege yenye tumbo la mashua na mabawa ya kitambaa. Rubani wake, Dennis Cutler, hakuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege mbele ya watazamaji huko Durban, Afrika Kusini. Jeshi la majini lilimkodi yeye pamoja na ndege yake, likampa cheo, likamleta kwenye pwani yetu kutafuta meli moja.

Meli hiyo ilikuwa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo iliivamia bandari ya Zanzibar alfajiri, ikaizamisha manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus, kisha ikatoweka. Mwishoni mwa Oktoba ikajulikana kwamba imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Kujua ilipo kulikuwa kazi moja, kuifikia kazi nyingine. Delta ile ina mifereji chungu nzima, mikoko imeshonana, maji hujaa na kupwa, na manowari kubwa haziwezi kupita juu ya mafungu ya mchanga kwenye midomo ya mto. Mizinga ya Waingereza haikufika. Na hata kama ingefika, nani angewaambia wapigaji kwamba makombora yao yanaangukia wapi? Lilihitajika jicho la angani.

Jicho lenyewe lilikuwa bovu. Safari yake ya kwanza Cutler alipotelea mawinguni, akatua kwenye kisiwa kingine kusini, na meli ikabidi izunguke kumtafuta. Rejeta ya ndege iliharibika. Hapakuwa na kipuri chochote karibu, kwa hiyo manowari ilitumwa Mombasa, na huko ikapatikana rejeta ya gari aina ya Ford, ikaletwa Nyororo na kufungwa kwenye ndege. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler aliruka tena juu ya mikoko na kuiona Königsberg kwa macho yake. Tarehe 10 Desemba injini ikamzimikia, akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata.

Naianzia hadithi hii Nyororo kwa makusudi, ingawa nyumbani kwangu ni Lusewa, mbali na bahari, upande wa Sasawala kuelekea mto Ruvuma, katika wilaya ambayo leo inaitwa Namtumbo na zamani ilikuwa sehemu ya Songea. Kwetu watu huzungumzia ndege kama jambo la juzi, lililokuja na Bombardier za serikali. Si kweli. Kusini ya Tanzania ilianza kuonja vita vya angani kabla miji mingi ya dunia haijaona ndege ya abiria. Kinachonisumbua ni kitu kingine: karibu kila kiwanja cha ndege kilichowahi kufyekwa katika kanda yetu, kisiwani au bara, kilifyekwa kwa haja ya mtu wa mbali. Wenyeji walikipata baadaye, kwa mabaki, na iliwabidi wangoje miaka mingi.

Mafia ni ushahidi wa wazi. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa hicho kutoka kwa Wajerumani, na sababu yao kubwa ilikuwa ukaribu wake na Rufiji. Kwanza waliendelea na ndege za majini pale Nyororo. Mnamo Februari zililetwa ndege mbili za Sopwith, na hizo zikashindwa na hali ya hewa yetu. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kushika, na injini inachemka. Zikibebeshwa rubani, msaidizi na mabomu, zilikataa kupanda. Aprili zikaja aina nyingine, za Short, zilizochakaa tayari, na kwa hizo rubani John Cull alifanikiwa kuipiga picha Königsberg. Lakini zilikuwa zikiruka chini mno, na Wajerumani walizilenga kwa bunduki kama mtu anavyolenga bata.

Ndipo Juni 1915 ikafika meli yenye ndege nne za kutua ardhini: mbili za Henri Farman na mbili za Caudron. Ndege za ardhini zinataka ardhi. Kwa hiyo kikafyekwa kiwanja juu ya kisiwa cha Mafia. Kwa kadiri nijuavyo, hicho ndicho kiwanja cha ndege cha zamani kuliko vyote katika visiwa vyetu, na wala hakikujengwa kwa ajili ya mgonjwa, wala barua, wala mfanyabiashara wa nazi.

Kazi yake ilikwisha upesi. Tarehe 6 Julai meli mbili za Kiingereza zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikapiga makombora kwa mamia. Juu yao ndege kutoka Mafia zilipokezana, zikituma kwa redio maneno mafupi ya kuelekeza: karibu zaidi, mbali zaidi, kushoto. Siku ile hawakufaulu. Walirudi tarehe 11 Julai. Safari hii Cull alikuwa rubani na kijana mmoja aitwaye Arnold ndiye aliyekuwa akituma ujumbe. Makombora yalipoanza kuipata Königsberg, risasi ya Wajerumani nayo ikaipata injini ya ndege. Ndege ikaanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma maelekezo huku wanaanguka. Wakapiga maji karibu na Mersey, ndege ikapinduka, mashua ikawaokoa wote wawili. Alasiri ile nahodha wa Königsberg, Max Looff, aliamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga ya Königsberg haikufa pamoja nayo. Wajerumani waliing'oa kutoka kwenye matope, wakaikokota bara, na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akaitumia kwa miaka miwili mingine. Aliyeikokota alikuwa nani? Wapagazi, watu wetu, kwa kamba na mabega. Ndivyo vita ile ilivyohamia kusini hadi ikatufikia sisi wa Ruvuma.

Na hapo ndipo inapoingia ndege ambayo haikufika.

Mwishoni mwa 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa huku kusini, dawa na risasi zimemwishia. Berlin ikaamua kumtumia msaada kwa njia ya anga, kwa chombo kikubwa cha gesi kilichoitwa L59. Tarehe 21 Novemba 1917 kiliondoka Jamboli, mji wa Bulgaria, kikiwa na nahodha Ludwig Bockholt na shehena ya tani zipatazo 15: risasi, dawa, bandeji, vipuri. Shabaha yake ilikuwa nyanda za juu za Makonde. Chombo hakikutazamiwa kurudi. Kilipangwa kivunjwevunjwe hukuhuku: kitambaa cha nje kishonwe nguo na mahema, mifuko ya gesi iwe mifuko ya kulalia, mifupa yake iwe milingoti na vitanda vya kubebea majeruhi. Nimeisoma mipango hiyo mara nyingi na kila mara nashangaa jinsi watu walivyokaa Ulaya na kuhesabu hadi mwisho wa uzi jambo litakalotendeka kwenye pori la Wamakonde.

L59 ilivuka Bahari ya Mediterania, ikapita Misri, ikaingia Sudan. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea ujumbe wa redio wa kuiita nyumbani: Lettow-Vorbeck hayupo tena mahali palipopangwa. Ikageuka. Ilitua Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 hewani bila kugusa ardhi, mwendo wa karibu kilomita 6,800. Na siku hiyohiyo, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaishambulia ngome ya Wareno pale Ngomano, mto Lugenda unapoingia Ruvuma, mashariki ya kwetu tukifuata maji. Alipata kwa Wareno bunduki, risasi na dawa ambazo L59 ilikuwa izilete. Septemba ya mwaka uliofuata alirudi tena upande huu na kupita katika wilaya ya Songea kuelekea Njombe, vijiji vikanyang'anywa chakula mara ya pili.

Vita vilipokwisha anga likanyamaza huku kwetu. Watu waliendelea na njia waliyoijua. Wayao wa Lusewa na jirani zao walikuwa na mazoea ya siku nyingi ya kwenda pwani. Misafara ya Wayao ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Kilwa tangu karne ya 18, na katika njia hizohizo, pamoja na biashara nzito ya watumwa, ndimo Uislamu ulimoingilia kwetu. Wakati wa Mwingereza misafara ilikoma, yakaja mashamba ya mkonge. Songea ikawa wilaya ya kutoa manamba. Vijana walitoka kwa makundi, kwa miguu, wiki kadhaa, hadi Lindi au hata Tanga, wakiwa na unga kwenye mfuko na kipande cha mkataba.

Hebu tuweke kando ya picha hiyo jambo lingine la miaka ileile. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Florence Wilson, alianzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, na mapema miaka ya 1930 ndege zake zilikuwa zikipita Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Mwaka 1932 Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya kwenda Cape Town ikipitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Kisha mwaka 1937 ikahamishia safari zake kwenye ndege kubwa za majini, na njia mpya ikafuata pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji hadi Durban. Lindi! Ghuba tulivu ya Lindi, ambako manamba wa Songea walifika miguu imepasuka, ikawa kituo cha ndege zinazotoka Southampton. Abiria walishuka kwa mashua, wakanyoosha miguu, wakaendelea. Ndege hizo hazikuja Lindi kwa sababu ya Lindi. Zilihitaji petroli na maji yasiyo na mawimbi, basi.

Vita Kuu ya Pili ilizimeza ndege za Wilson, kampuni ilifungwa. Tarehe 1 Januari 1946 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikaanzisha Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Lilianza na ndege sita za aina ya Rapide, za mbao na kitambaa, kila moja ikibeba watu wasiozidi wanane. Naona hapa ndipo historia ilipoanza kututazama sisi, japo kwa jicho la pembeni. Shirika hili lilikuwa na kazi ya kuunganisha miji yenyewe kwa yenyewe, na ratiba zake zikaingiza majina madogo: Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara, Nachingwea, Songea.

Nachingwea ilikuwa imepata umaarufu kwa sababu nyingine ya mbali. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu na mitambo walipaswa kufika. Ikajengwa reli kutoka Mtwara, bandari ya Mtwara, na viwanja vya ndege. Karanga hazikuota kama walivyotarajia. Mvua ilikuwa haba, udongo ulikuwa mgumu, mitambo ilikatika. Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli nayo iling'olewa baadaye. Bandari na viwanja vilibaki, na kwa mkoa ambao barabara zake zilikatika kila masika, kiwanja cha ndege kikawa na thamani kubwa kuliko karanga zote.

Ndege inayokumbukwa sana ya enzi ile ni Dakota. Ilikuwa na injini mbili na gurudumu dogo mkiani, kwa hiyo ikiwa imesimama ilikaa kichwa juu mkia chini, na abiria aliyeingia kwa mlango wa nyuma alipanda mlima mdogo kukifuata kiti chake. Ilitua kwenye nyasi, kwenye changarawe, popote palipokuwa tambarare kidogo. Si kwamba ilikuwa salama daima. Mei 1955 Dakota ya Shirika iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga kilele cha Mawenzi mlimani Kilimanjaro na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Lakini kwa ofisa, padri au mfanyabiashara wa Kihindi aliyetaka kutoka Songea wakati Ruvuma imejaa, Dakota ilikuwa mlango pekee. Mkulima wa tumbaku wa Lusewa aliiona ikipita juu tu.

Mara moja moja ndege ilimshukia mkulima naye. Mwaka 1957 daktari Michael Wood na wenzake wawili walianzisha nchini Kenya huduma ya madaktari wa anga, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Ndege ndogo ilibeba daktari mpasuaji hadi hospitali za misheni zisizokuwa na mpasuaji. Mradi palikuwa na mita mia kadhaa za nyasi zilizokatwa na ng'ombe wamefukuzwa, ilitosha. Napenda kuutaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kiwanja kikitumika kwa haja ya aliye jirani nacho.

Mfano mwingine wa namna hiyo uko ng'ambo ya dunia, katika bahari ya Karibi. Kuna kisiwa kiitwacho Saba, kilele cha volkano kilichochomoza majini, mali ya Uholanzi, wenyeji wake ni wachache kuliko watu wa kata moja ya kwetu. Kila upande ni jabali. Pa kujenga uwanja hapakuonekana. Rubani mmoja wa visiwa vya jirani, Rémy de Haenen, akawaambia kwamba sehemu moja tambarare, iitwayo Flat Point, ikisafishwa, yeye atatua. Wananchi wakatoka na majembe na matoroli, wakaviringisha mawe, wakafukia mashimo kwa mikono. Tarehe 9 Februari 1959 de Haenen akatua, karibu kisiwa kizima kikimtazama. Mwaka 1963 uwanja ukafunguliwa rasmi ukiwa na njia ya kurukia yenye mita 400 tu, majabali ya bahari huku na huku. Ndege ya abiria inayotua pale hadi leo ni Twin Otter, ndege ileile ambayo Shirika la Afrika Mashariki, na baadaye Air Tanzania, lilikuwa likiirusha kwenye viwanja vyetu vifupi. Tofauti ni kwamba Wasaba waliuchimba wenyewe, kwa sababu walichoka kuteremka ngazi za mawe kila walipotaka kupanda mashua.

Huku kwetu uhuru ulikuja, na pamoja nao vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Kuanzia 1964 hadi 1974 FRELIMO ilipigana na Wareno, na Nachingwea, mji wa karanga, ukawa kituo chake kikuu cha mafunzo. Wareno walikuwa na ndege za kivita nchini Msumbiji, zikipiga mabomu mikoa ya Niassa na Cabo Delgado, yaani ng'ambo tu ya mto wetu. Wakimbizi walivuka kwa maelfu, wengine ndugu za watu wa huku, Wayao kwa Wayao. Kwa kizazi kile cha mpakani mlio wa ndege haukuwa habari ya safari.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwanzoni mwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafuata katikati ya mwaka. Tarehe 11 Machi 1977 Tanzania ikaanzisha Air Tanzania. Ilipata Fokker Friendship kwa miji ya kati na Twin Otter kwa viwanja vidogo kama Mafia. Ningependa kusema kwamba mambo yalikwenda vizuri. Vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni na bei ya mafuta viliyabana mashirika yote ya umma, na kiwanja chenye abiria wachache ndicho kilichokatwa kwanza. Songea ilikaa miaka bila ndege ya ratiba. Kilichotuokoa ni barabara: katika miaka ya 1980 lami ya Makambako hadi Songea ilikamilika, na basi likawa ndilo kila kitu. Lakini kutoka Songea kuja kwetu mashariki ilibaki vumbi na tope kwa miaka mingine thelathini.

Mafia haikuwa na barabara ya kuiokoa. Ilikuwa na majahazi na mashua za kuvuka kutoka pwani ya Rufiji, na yeyote aliyewahi kuvuka mlango ule wa bahari wakati wa kusi anajua kwamba si safari ya kumpeleka mama mjamzito. Kilichoirudishia ndege ni samaki. Mwaka 1995 serikali iliitangaza sehemu ya kusini ya Mafia kuwa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini. Wageni wakaanza kuja kuzamia kwenye matumbawe, na kati ya Oktoba na Machi kuogelea pamoja na papa potwe wanaokuja karibu kabisa na Kilindoni. Mgeni wa wiki moja hana muda wa jahazi. Kampuni binafsi zikaanza kurusha ndege ndogo za Cessna, na uwanja wa Kilindoni, uliokuwa wa changarawe, ukapata kazi kila siku. Kisha ukaingia katika mpango wa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008, uliotoa dola milioni 698 kwa barabara, umeme na maji Tanzania, na ndani yake ikawemo lami ya uwanja wa Mafia. Kwa mara nyingine, hesabu ilifanywa mbali na mtu wa Mafia. Lakini lami haiulizi imewekwa kwa ajili ya nani.

Safari ya Dar es Salaam hadi Kilindoni leo ni ya kama nusu saa. Ndege ndogo hazitumii yale majengo makubwa mapya. Zina jengo lao la zamani upande mwingine wa uwanja wa Julius Nyerere. Unaweka begi kwenye mizani, kwa kawaida kilo 15 na si zaidi, na begi laini linapendwa kuliko sanduku gumu kwa kuwa linasukumwa ndani ya tumbo la ndege kama mkate kwenye tanuri. Mara nyingine wewe mwenyewe unaombwa upande mizani. Usione haya. Cessna aina ya Caravan ina injini moja na viti visivyozidi 13, na rubani lazima ajue uzito umekaa wapi kabla hajaondoka. Anayepewa kiti cha mbele kando ya rubani huona kila kitu: mishale inayocheza, pangaboi inayogeuka ukungu, na njia ya lami ikimkimbilia.

Ndege inapoelekea kusini, mwenye dirisha la kulia huiona delta ya Rufiji yote imetandazwa chini, kijani kibichi kilichokatwakatwa na maji ya rangi ya chai. Ni mwonekano uleule alioutafuta Cutler. Dakika chache baadaye minazi, kisha magurudumu yanagusa. Uwanja wa Kilindoni umeshikana na mji. Unashuka kwa ngazi fupi, begi linaletwa kwa mkokoteni, na kabla hujatulia umekwisha fika kwenye maduka kwa miguu.

Pemba nako, uwanja wa Chake Chake, na Unguja, uwanja wa Kisauni ambao tangu 2010 unaitwa Abeid Amani Karume, ndege ndogo zimekuwa kama daladala. Unguja ni habari nyingine kabisa. Njia yake imerefushwa kupita kilomita tatu na ndege za kutoka Ulaya na Uarabuni zinashuka moja kwa moja.

Na Songea? Septemba 2016 serikali ililipokea jozi la kwanza la Bombardier Q400 kwa Air Tanzania iliyokuwa imebaki karibu jina tu. Q400 ina viti 76 na inaweza kutua kwenye njia fupi, kwa hiyo ramani ya zamani ya Dakota ikaanza kufufuka. Uwanja wa Songea uko Ruhuwiko, nje kidogo ya mji. Njia yake ilikarabatiwa na kurefushwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 ndege ya taifa ikawa inatua tena. Basi la Songea hadi Dar es Salaam huondoka alfajiri na kufika usiku. Ndege haimalizi saa mbili.

Jambo moja linanikera kuhusu viwanja vidogo, nalo ni uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria, karibu na uwanja. Ilikuwa na watu 43; walikufa 19. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Kilindoni iko kando ya bahari vilevile. Gari la zimamoto uwanjani ni lazima, lakini uwanja wa kisiwani unataka pia boti iliyo tayari, injini yenye mafuta, na watu waliofundishwa kuzamia. Wavuvi wa Kilindoni wangekuja, sina shaka. Hawapaswi kuwa mpango pekee.

Kwa mtu wa Lusewa sasa njia ipo yote, kwa vipande. Atatoka na pikipiki au gari la abiria hadi Namtumbo, na hicho ndicho kipande kigumu, maana ni barabara ya udongo na ndovu wa ushoroba wa kwenda Niassa huipita wanapotaka. Namtumbo hadi Songea ni lami. Ruhuwiko atapanda Bombardier, Dar es Salaam atabadilisha jengo, na jioni ileile anaweza kuwa Kilindoni akila pweza. Nauli ya kwenda na kurudi kwa ndege zote mbili inakula mapato ya mkulima wa kawaida wa tumbaku au mbaazi kwa muda mrefu, kwa hiyo wanaopanda ni watumishi, wafanyabiashara, wanafunzi wanaolipiwa na wagonjwa waliochangiwa na ukoo. Wengine wanashuka Dar es Salaam kwa basi, wanakwenda Nyamisati, na kuvuka kwa kivuko cha MV Kilindoni. Nimewasikia madiwani wakidai lami ya kuja Lusewa kabla ya kingine chochote. Wako sahihi. Ndege ya Ruhuwiko huondoka kwa saa yake, na mwezi wa Machi abiria wa Lusewa inambidi atoke nyumbani siku mbili kabla.